Bodi ya ESP32 inayozima kila ikigusa waifai, na majibu niliyopewa na waliouza

Nilisema siandiki kitu mpaka hasira zipoe, lakini hazijapoa na sioni dalili, kwa hiyo acha niandike hivi hivi.

Nilinunua bodi ya ESP32, yaani kibodi kidogo cha elektroniki chenye chipu unayoiprogramu na waifai yake ndani, mtandaoni, kama mwezi na kitu umepita, ya kupima maji kwenye tangi na kunitumia kipimo kwenye simu. Kazi ndogo kabisa. Bodi za aina hii nishazitumia sana, za ESP8266 nazo, kwa hiyo sio kwamba ndo kwanza naanza. Nikaweka kodi, yaani programu, ya kuwasha na kuzima taa, ikakesha usiku mzima bila shida. Nikaweka kodi ya sensa, ikasoma vizuri. Nikaongeza waifai, hapo ndo balaa likaanza. Yaani ikifika tu kwenye mstari wa WiFi.begin, ule wa kuwasha waifai, inajizima, inajiwasha, inafika tena palepale, inajizima, hivyo hivyo bila kikomo mpaka uchomoe waya.

Siriali monita, lile dirisha la kompyuta linaloonyesha ujumbe wa bodi, nayo inaandika maneno yaleyale kila mara, "Brownout detector was triggered". Kwa asiyejua, hapo chipu imeona umeme umeshuka chini ya kiwango ikaamua kujiwasha upya kuliko kufanya kazi ovyo. Ugonjwa umeandikwa waziwazi.

Nikawaandikia waliouza, nikawatumia logi (yale maneno ya siriali monita), kodi, picha, kila kitu. Jibu lilikuja siku kadhaa baadaye, mstari mmoja: "Ndugu mteja, bodi zetu zimepimwa, jifunze kwanza kuprogramu." Nijifunze kwanza! Mtu nimekuletea logi inasema umeme unashuka, wewe hata hujaifungua unanirudishia kosa mimi. Sikujibu siku ile maana ningejibu vibaya.

Ila neno likishaingia linakutafuna. Nikafuta kodi yote nikaandika mistari kama kumi tu, waifai peke yake, palepale. Nikaachana na rauta nikatumia hotispoti ya simu, nikahakikisha iko kwenye 2.4 GHz kwa sababu ESP32 hii ya kawaida haioni 5 GHz kabisa, palepale. Nikapima pini ya 3V3, ile ya umeme wa volti 3.3 unaolisha chipu, kwa mita, inaonyesha 3.3 imetulia, na hapo ndipo nilipoanza kujishuku kweli, nikasema labda huyu jamaa ana haki. Kumbe mita ndo inadanganya. Redio ya waifai iliyo ndani ya chipu ikianza kurusha inavuta umeme kwa mkupuo, miliampea 240 hivi na mara nyingine zaidi, na mkupuo wenyewe ni mfupi mno, mita ya kawaida haiwahi kuuona, inakupa wastani tu. Ndo maana taa inawaka usiku kucha bila shida halafu waifai inaua bodi papo hapo.

Nikawaeleza hivyo hivyo. Safari hii aliyejibu akasema nizime hicho kitambuzi cha umeme, kuna mstari mmoja wa kodi ukiuweka yale maneno hayatokei tena. Ni kweli hayatokei. Niliuweka, bodi ikashika waifai, ikatuma vipimo viwili vya maana, cha tatu kikasema tangi lina maji kuliko ukubwa wake, halafu ikaganda kimya. Umeme bado unashuka vilevile, tofauti ni kwamba sasa chipu haikuambii. Na huo ushauri unatolewa na mtu anayeuza bodi hizi kila siku! Kuna mwingine ataufuata, atafunga bodi yake mahali pa kuwasha pampu au hita, na atategemea vipimo vya uongo. Hilo linaniuma kuliko hela yangu.

Niseme ukweli pia, kuna kipande cha lawama si chao. Waya wangu wa USB ulikuwa mrefu na mwembamba, nilipoweka mfupi mnene bodi ikaanza kushika waifai mara moja moja, na siku ile nzima nilikuwa najiambia nimewaonea watu. Halafu nikachukua bodi yangu ya zamani, chipu ileile, kodi ileile, nikaipa ule waya mbaya. Ikashika waifai ikakaa siku mbili haijaachia. Nikarudi kwenye bodi mpya nikapunguza nguvu ya redio kwenye kodi, kutoka 19.5 dBm (kipimo cha nguvu ya redio) mpaka 8.5, ikatulia kabisa, ila ukiihamishia chumba cha pili rauta haiioni tena. Sasa hapo kodi yangu ina kosa gani?

Nikaziweka bodi mbili pamoja chini ya taa. Kwenye ya zamani, karibu na regyuleta, kile kipande kinachoshusha umeme wa USB uwe volti 3.3, kuna kapasita, kipande kinachohifadhi umeme kidogo. Kwenye hii mpya pedi zake, yaani sehemu za kuichomelea, zipo, zimechorwa vizuri, na juu yake hamna kitu. Wameiruka.

Nikachomelea kapasita ya mikrofaradi 470 ya volti 10, mguu wa chanya kwenye 3V3, wa hasi kwenye GND (pini ya hasi), karibu na chipu kadiri ilivyowezekana, maana kazi yake ni kutoa akiba pale redio inapovuta kwa ghafla. Nikarudisha nguvu ya redio juu, kitambuzi nikakiwasha. Wiki ya tatu hii haijajizima hata mara moja, inatuma kipimo kila dakika tano kutoka kule nje kwenye tangi.

Kwa hiyo nilikuwa nimeandika msinunue, nikafuta, nikaandika nunueni ila muwe na kapasita na waya mzuri, kwa sababu chipu yenyewe naipenda sana na imenifanyia kazi ambazo sikuwa na njia nyingine ya kuzifanya. Nikawapa nyota tatu. Kabla sijatuma nikafungua meseji zao, niliwapelekea picha ya zile pedi tupu, wameisoma tangu juzi na hawajasema chochote, na lile neno la kujifunza kuprogramu bado liko pale juu yake, hawajalifuta wala kuomba radhi. Nimeshusha mpaka moja.