Uzoefu wangu: kukaza cheni ya ATV ya mtoto hapa Tabora

Binti yangu ana pikipiki ya matairi manne ya watoto (ATV), ya injini ya cc 110, anaiendesha shambani kwa babu yake nje kidogo ya mji. Injini yake sina neno nayo: inawaka asubuhi, haili mafuta ovyo. Kinachodai uangalizi ni cheni, na kwa Tabora inadai zaidi, maana mchanga wetu wa kiangazi ukikutana na oili unageuka msasa.

Wazazi wenzangu huniuliza kama fundi wa bodaboda anaweza kuihudumia. Anaweza, ila usimwachie ukaondoka. Boda inakazwa pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na fundi amezoea kulinganisha alama za kushoto na kulia. Hii yetu ina ekseli moja inayobeba matairi yote mawili ya nyuma, imekaa kwenye nyumba ya beringi iliyoshikwa na bolti nne. Unalegeza hizo nne, unafungua nati inayozuia bolti ya kukazia, ndipo unavuta ekseli yote kurudi nyuma. Kazi yenyewe ni nyepesi. Kinachonikera ni bolti mbili za ndani: zimejificha nyuma ya cheni, spana ya kawaida haishiki vizuri, na ukilazimisha unaviringisha kichwa cha bolti. Nunua spana ya boksi na shingo yake ndefu kabla hujaanza. Hapo watengenezaji wangefikiria zaidi.

Fundi niliyempelekea, kijana mchapakazi karibu na soko, aliivuta cheni mpaka haichezi kabisa. "Mama, hapo hairuki tena," akaniambia. Nikamwomba asubiri, nikamkalisha binti juu ya kiti. Cheni ikakakamaa pale pale. Sababu ni kwamba mashine ikishuka nyuma kwa uzito, mkono unaobeba ekseli unapanda, na ekseli inasogea mbali zaidi na sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Ikiwa hujaacha nafasi, mvuto wote unaangukia beringi za ekseli na shafti ya gia, na hivyo ni vitu vya gharama kuliko cheni. Fundi alitazama, akachukua spana akalegeza mwenyewe bila ubishi. Siku hizi ndiye namwamini.

Kwa hiyo mimi napima hivi: mashine iko sehemu tambarare, imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, gia iko nyutro, mtoto amekaa. Nasukuma cheni kwa kidole katikati ya upande wa chini, juu na chini. Yetu inatakiwa icheze kama sentimita mbili; yako fuata kitabu chake. Kisha naisogeza mashine mbele kidogo na kupima tena, nasogeza tena, mpaka sproketi ya nyuma imalize mzunguko. Cheni hailiki sawasawa, ina mahali pamekaza na mahali pamelegea. Unarekebisha ukiwa pale palipokaza zaidi. Hili ndilo linalorukwa na wengi, halafu wanashangaa beringi zinalia.

Kukaza nako kuna mwisho. Cheni ya saizi 420, kama yetu, ikiwa mpya, umbali wa pingili 20 ni milimita 254. Ilipofika 259 niliacha kuikaza nikatafuta nyingine. Dukani nikapewa 428, ile inayofungwa kwenye boda nyingi, muuzaji akisema ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Umbali kati ya pini na pini ni ule ule, milimita 12.7, ndiyo maana inaonekana kuingia, lakini rola za 428, vile vipipa vidogo vinavyokaa kati ya meno, ni nene zaidi na cheni yenyewe ni pana, hivyo haikai sawasawa kwenye meno. Soma namba iliyogongwa kwenye bamba za pembeni kabla hujatoa pesa.

Oili chafu ya injini siipendekezi kabisa, hata kama ni ya bure. Naosha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, nafuta ikauke, naweka oili ya gia kidogo upande wa ndani nikizungusha gurudumu kwa mkono, kisha nafuta iliyozidi. Na injini isiwe inawaka hata kidogo wakati wa kazi hii, watoto wakae mbali: cheni ikishika kidole inakipeleka moja kwa moja kwenye sproketi. Kifuniko cha cheni kirudishwe kila mara, fundi asikuambie kinasumbua.

Mashine naipa nne kwa tano, nyota moja naikata kwa ajili ya zile bolti. Ukinunua, chukua na kiungio cha akiba pamoja na klipu yake, na ukifunga klipu hakikisha upande uliozibwa ndio unaotangulia cheni inapokwenda mbele.