Pweza wa jioni Mtwara: meza ya kila siku au ya jirani?

Meza za wauza pweza mjini Mtwara hazilingani, na kosa la mgeni ni kuganda kwenye ya kwanza. Ukikaa siku kumi, tatu za mwanzo badili meza, kisha rudi iliyokupendeza. Usiku wa mwisho usijaribu mpya: hata ikiwa tamu, hutaifaidi tena.

Pweza akiwa mpira, hakupigwa vya kutosha au alichemshwa haraka. Usihukumu kwa ncha ya mkono, hulainika kabla ya shina. Omba vipande viwili, cha ncha na cha shina.

Mwenyeji naye aonje meza ngeni kila bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana), miamba inapokauka na pweza wabichi kuwa wengi. Wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa sana, huja wa kugandishwa (ambaye, ajabu, huwa laini zaidi).