Uzoefu wangu: stabilaiza ya kielektroniki kwenye Land Rover Series III

Ninaendesha Land Rover Series III ya petroli ya mwaka 1978, ambayo niliachiwa na marehemu baba. Kabla sijabadilisha stabilaiza, yaani kikopo kinachodhibiti umeme wa geji za joto na mafuta, kwa takriban miezi minne dashibodi yake ilinidanganya mara mbili kwa wakati mmoja. Mshale wa joto ulikuwa ukikaribia alama nyekundu kila nilipopanda kilima cha Bugando, huku ule wa mafuta ukisimama juu ya nusu hata pale tangi lilipokuwa karibu kukauka. Siku niliyouamini, nikitoka Misungwi, gari lilinizimikia Usagara, nikalazimika kumtuma kijana wa bodaboda na dumu la lita tano.

Gereji ya kwanza niliyoiendea, ambayo sitaitaja, iliniambia kwamba injini inachemsha. Mafundi wake walizibua rejeta, wakabadilisha sensa ya joto, kisha wakang'oa thamostati (vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza injini) na kuitupa kwenye boksi la vyuma chakavu, jambo ambalo kwa bahati mbaya limekuwa dawa ya kila ugonjwa katika gereji zetu. Mshale ukabaki pale pale. Kuhusu mafuta walisema tangi linahitaji geji mpya, yaani ile sensa yenye boya inayokaa ndani yake, nami nikalipia hiyo pia.

Fundi umeme wa Nyakato niliyeelekezwa baadaye hakufungua chochote kabla ya kuuliza. "Mzee, hii mishale inakosea kwa pamoja au kila mmoja kwa wakati wake?" Nilipomjibu kwamba inakosea pamoja na yote inakosea kwa kupanda, alicheka kidogo, akaniambia kwamba pesa ya geji ya tangi imekwenda bure. Alieleza kuwa geji mbili za dashibodi, ya joto na ya mafuta, hazipati umeme wa betri moja kwa moja, bali hulishwa na kikopo kimoja kidogo kiitwacho stabilaiza, kilichofungwa nyuma ya dashibodi, ambacho kazi yake ni kuzipatia wastani wa volti 10, iwe betri ina volti 12 au alteneta inasukuma 14. Kama ni geji moja tu inayokosea, fundi hutafuta kwenye sensa au waya wake. Zikikosea zote mbili, anaanza na kile kinacholisha zote.

Alichomoa kwanza waya wa betri, akavuta dashibodi mbele, akanionyesha. Ndani ya kikopo cha asili kuna kibamba cha metali mbili kinachopata joto, kinajikunja na kukata umeme, kisha kinapoa na kuuruhusu tena. Ndiyo maana mita yake ya dijitali ilirukaruka namba alipopima stabilaiza isiyo na kasoro ya gari jingine, nayo taa ya majaribio ilikuwa ikiwaka na kuzima. Kwenye gari langu taa iliwaka bila kukatika. Kikopo hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, kwa ganda lake, na mahali kilipogusana na bati palikuwa pamejaa kutu. Bila ethi kibamba hakipati joto, hakikati kitu, na volti zote za alteneta zinapita kwenda kwenye geji. Tulipopiga msasa na kukaza skrubu, taa ilianza kuwaka na kuzima kwa uvivu, ikakwama tena baada ya dakika chache, kwa hiyo tukakubaliana kubadilisha.

Stabilaiza niliyonunua ni ya kielektroniki, isiyo na kitu kinachojongea ndani, na ukiipima kwa mita inatoa volti 10 zilizotulia. Kwa kazi yake sina malalamiko. Malalamiko yangu ni kwa muuzaji, ambaye hakuniuliza kama gari langu ni la ethi hasi au chanya, yaani ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye bodi, ilhali kifaa hiki kinategemea upande na gari la zamani zaidi lenye ethi chanya lingeweza kukiunguza. Karatasi ya maelekezo haikuwemo. Tundu la skrubu halikulingana na la asili, fundi akatoboa jingine, na kama asingezijua herufi B ya upande wa betri na I ya upande wa geji, tungeweza kugeuza nyaya.

Kabla ya kurudisha dashibodi alinipa onyo ambalo naona lina thamani kuliko kifaa chenyewe: kujaribu geji kwa kugusisha waya wa sensa kwenye bodi ni sahihi, mradi iwe kwa sekunde chache na mshale ukifika mwisho uachie; lakini kuipa geji umeme wa betri moja kwa moja ni kuiunguza.

Sasa ni wiki ya saba. Nimenunua thamostati nyingine, na mshale wa joto unakaa chini kidogo ya katikati, hata nikiwa kwenye foleni ya Igoma saa nane mchana. Kwa mafuta, nilijaza lita kumi kumi na kuweka alama ya kalamu kwenye kioo kila mshale ulipotulia. Kuanzia robo kwenda juu unasema kweli. Chini ya robo bado unashuka ghafla, nami nashuku mkono wa boya la geji mpya ya tangi haukukunjwa sawasawa, kwa hiyo kile kijiti cha kupimia mafuta nilichochonga wakati wa matatizo bado kiko chini ya kiti.