Tranka la mafundi bati wa Gerezani: tathmini baada ya mihula miwili bwenini

Mwaka 2024, mwanangu wa kwanza alipopangiwa na TAMISEMI kujiunga na kidato cha 5 katika shule ya bweni ya wasichana mkoani Singida, tuliipakua fomu ya kujiunga na shule na kukuta orodha ambayo mzazi yeyote aliyepata kulala bwenini angeweza kuitaja kwa moyo: godoro la futi mbili na nusu kwa sita, shuka jozi mbili, chandarua, ndoo yenye mfuniko, sahani, kikombe na kijiko, fyekeo, ufagio wa chelewa, rimu ya karatasi, na tranka la bati lenye kufuli. Vitu vingine vyote tulivipata Kariakoo, Dar es Salaam, kwa asubuhi moja. Tranka lilituchukua siku tatu, na ndilo ninaloliandikia hapa, kwa kuwa limekwisha kukaa bwenini mihula miwili, limepanda basi na kushuka, limenyeshewa na kukaliwa, na sasa naweza kueleza lilivyo bila kubahatisha.

Lazima niseme mapema kwamba sikwenda sokoni nikiwa na macho mapya. Nyumbani kwa mama yangu, Morogoro, lipo tranka jeusi ambalo babu alilinunua katika duka la Mhindi mjini Kilosa mwaka 1966, mama alipochaguliwa kuingia kidato cha 1 Tabora, na ambalo mimi nami nililibeba mwaka 1993 nilipoondoka nyumbani kwa mara ya kwanza. Kitako chake kimeliwa na kutu kiasi kwamba ukiliinua unaona sakafu, lakini mfuniko wake bado unafunga kwa mlio ule ule mfupi, mzito, na ndani linanuka naftalini ya miaka hamsini. Kila tranka nililolipima Kariakoo nililipima kwa hilo, na kwa hakika hiyo si haki kwa fundi wa leo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Matranka yaliyopangwa nje ya maduka ya vifaa vya shule yanavutia macho. Yamepakwa rangi ya buluu na nyekundu, mengine yana maua, na bei yake ni nafuu. Ubaya wake unajulikana ukilibonyeza katikati ya mfuniko kwa kidole gumba: bati linazama kisha linarudi kwa kishindo, kama kopo la maziwa ya unga lililoisha. Hilo ni bati la geji 30, na asiyefahamu ajue kwamba katika bati namba ikipanda unene unapungua. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba ni geji 26, nami sikubishana naye. Nilivuka tu barabara kuelekea Gerezani, eneo jirani na Kariakoo, ambako mafundi bati hukunja mbele ya macho yako na huna haja ya kuapiwa.

Fundi niliyempata alikuwa mtu mzima, mwenye maneno machache. Aliniuliza swali moja ambalo madukani hakuna aliyeniuliza: "Mama, litakaa chini ya kitanda au juu ya jingine?" Nilipomjibu kuwa wanalala vitanda vya dabo deka na matranka hukaa chini, alipima kwa kamba, akasema inchi 14 kwenda juu zitatosha pamoja na vipande viwili vya mbao chini yake ili maji ya kudeki yasiliguse bati. Kisha akalitandika bati bapa la geji 26 juu ya fuawe na kuanza kulikata kwa mkasi. Kilichonishawishi kumlipa malipo ya awali palepale ni ukingo wa mfuniko: aliuzungushia waya mnene, akaufunika kwa bati na kuugonga taratibu kwa nyundo ya mpira mpaka waya ukamezwa kabisa. Ukingo wa namna hiyo haukati vidole, na mfuniko haupindi hata ukiegemewa upande mmoja. Tranka la mama lina ukingo kama huo. Matranka ya rangi za maua hayana.

Jumla nililipa shilingi 70,000, pamoja na rangi, jina na kufuli. Kazi iliahidiwa kesho yake jioni na ikatoka keshokutwa saa tano asubuhi, jambo ambalo kwa fundi wa Kitanzania naona si la kulaumu sana.

Mama alikuwa amekuja Dar es Salaam kumuaga mjukuu wake, na ndiye aliyelikagua kwanza. Hakulifungua. Alilikalia. Alijitikisa mara mbili, akaitikia kwa kichwa, kisha akamwita binti akae pembeni yake, wakaenea wote wawili bila bati kulia. "Tranka usiloweza kulikalia ni kopo, mke mwenzangu," alimwambia. Sababu yake ni ya kweli. Mwaka 1966 wanafunzi wa bweni walisafiri kwa waranti, yaani hati ya safari iliyolipiwa na serikali, na treni iliyomchukua Kilosa usiku ilikuwa imekwisha kujaa tangu Dar es Salaam, kwa hiyo alikaa juu ya tranka lake kwenye njia ya behewa la daraja la tatu, akipita Dodoma na Manyoni, mpaka Tabora. Alikuwa na miaka kumi na minne na hakuwa amewahi kulala nje ya nyumba ya wazazi wake hata usiku mmoja. Anasema alilia mpaka Dodoma, kisha akaona aibu kwa sababu msichana aliyekaa juu ya tranka la jirani alikuwa mdogo kuliko yeye na halii. Huyo akawa rafiki yake wa maisha. Mtihani wa kukaliwa, basi, tranka la Gerezani limefaulu, tena baada ya mihula miwili halijabonyea popote isipokuwa kidogo upande wa nyuma.

Mtihani wa pili ni wangu, nao ni wa maji. Mimi nilisafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Iringa, na tranka lilifungwa kwa kamba juu ya keria pamoja na magodoro na matenga ya kuku. Mvua ilitukuta tukipanda Kitonga. Nakumbuka kwamba nilitazama matone yakitiririka dirishani nikawaza daftari zangu mpya na sketi mbili alizonishonea mama, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na shida ambayo hapakuwa na mtu wa kumwambia. Tulipofika, kila kitu kilikuwa kikavu. Mfuniko wa tranka lile unashuka inchi moja na zaidi juu ya mwili wake, na maji hayana njia. Kwa hiyo hili jipya nililipeleka uani nikalimwagia ndoo nzima, binti akinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Kona tatu hazikupitisha kitu. Kona ya nyuma kulia, karibu na bawaba, ilipitisha maji ya kutosha kulowesha shuka moja. Fundi aliiziba siku hiyo hiyo bila malipo na bila maelezo, lakini ilipaswa izibwe kabla sijalichukua, na kama nisingelimwagia maji nisingejua. Siku hizi mizigo inaingia kwenye buti la basi na wala si juu, hata hivyo nawashauri wazazi wasione haya kuomba ndoo ya maji palepale kwenye karakana.

Dosari kubwa zaidi ni vishikio. Vimefungwa kwa ribiti mbili kila upande, na bati la chini yake halikuongezewa kipande cha kulitia nguvu. Tuliposhusha mizigo Kituo cha Magufuli kule Mbezi, tranka likiwa na vitabu vya tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), sukari, sabuni na karanga za kukaanga ambazo bibi mtu alisisitiza ziingie, ribiti moja ililegea kabla hatujaufikia mlango wa basi. Imeshikilia mpaka leo, ila inacheza. Ninayemtuma kwa fundi huyu sasa namwambia aombe ribiti nne kila upande, na kipande cha bati ndani. Gharama haitaongezeka kwa kiasi cha kuumiza.

Rangi haina neno. Jina ni habari nyingine. Fundi aliandika majina matatu ya binti kwa rangi nyeupe ya mafuta, herufi kubwa, ubavuni kote, kama yalivyoandikwa ya mama na kisha yangu juu yake, hata ukilitazama tranka la zamani kwenye mwanga wa jioni unayaona majina yote mawili, moja likichungulia chini ya jingine. Binti hakufurahi. Alieleza kwa adabu kwamba njuka, yaani mwanafunzi mgeni, mwenye jina linalosomeka kutoka mlangoni huitwa kila kazi inapotokea, akaomba liandikwe upya kwa herufi ndogo ndani ya mfuniko. Mama yangu aliposikia alicheka mpaka machozi, kwa sababu Tabora nako walioitwa kwanza kushika majembe walikuwa wenye majina makubwa, na majembe yaliongezeka sana baada ya Elimu ya Kujitegemea, sera iliyotia kazi za mikono katika masomo, kutangazwa mwaka 1967, naye akiwa kidato cha 2. Fyekeo lililo kwenye orodha ya mjukuu wake ni la ukoo huo huo. Tulilipaka jina rangi, na sasa ubavu ni mtupu.

Kama tranka hili litadumu kama lile, sijui cha kuahidi, lakini nakadiria kwamba litavuka kidato cha 6 bila shida na bado litakuwa na kazi nyumbani wakati yeye yuko Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Hapo nami nina wivu kidogo. Mama yangu alipita JKT baada ya chuo cha ualimu na mpaka leo anatandika shuka kwa kona. Mwanangu atakwenda, kwa kuwa mafunzo ya wanaomaliza kidato cha 6 yalirejeshwa mwaka 2013. Mimi nilimaliza mwaka 1999, katikati ya miaka ile ambayo yalikuwa yamesitishwa tangu 1994, na wawili hao wakianza kuzungumzia kwata huwa natoka kwenda kutazama chungu jikoni.

Limebaki kufuli, na kwa kufuli tathmini yangu ni mbaya. Limo ndani ya bei, limenakshiwa vizuri, lina funguo mbili, na halifai kitu. Wiki ya tatu ya muhula wa kwanza wasichana wa bweni lile waligundua kwamba ufunguo mmoja ulifungua matranka manne, yote yakiwa na kufuli za aina hiyo hiyo. Hakuna kilichoibwa, nashukuru, isipokuwa karanga, ambazo nadhani zingeliwa na bweni zima hata kama zingekuwa benki. Afadhali kumwambia fundi akutolee bei ya kufuli lake, ukanunue jingine lililo zito kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Nasema hivi huku nikijua kwamba suala la kufuli kwetu halikuwahi kuwa la uimara peke yake. Mwaka 1966 bibi yangu alimpa mama ufunguo mmoja wa tranka na wa pili akaufunga kwenye pindo la kanga yake, na kila likizo mama alipokwenda kisimani alikuta akirudi nguo zake zimekunjwa upya na barua zake zimepangwa kwa namna nyingine. Hakulisema, kwa kuwa mtoto wa wakati ule hakuwa na mahali pa kulisemea. Mwaka 1993 alinikabidhi funguo zote mbili mbele ya baba, akaniambia nisimpe mtu, hata yeye, na nilizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu muda wote wa kidato cha 1. Kati ya vitu vyote nilivyopewa mwaka ule, hakuna kilichonifanya nijione mtu mzima kama kamba ile. Hata hivyo, mwaka 2024, zamu yangu ilipofika, nilimpa binti yangu ufunguo mmoja. Wa pili niliuweka kwenye kikombe kilichovunjika mkono, juu ya kabati, nikajiambia kuwa ni kwa ajili ya dharura.

Likizo iliyopita tulikwenda wote Morogoro, na tranka likaja kwa sababu ribiti ilihitaji fundi. Binti alipotoka na binamu zake kwenda sokoni, nilichukua ufunguo wangu nikaingia chumbani. Haukuingia hata nusu. Kufuli lililokuwa pale lilikuwa jingine, la shaba, zito, alilokuwa amelinunua Singida mjini kwa pesa yake ya matumizi bila kumwambia mtu. Nilipotoka, mama alikuwa ameketi kibarazani akichambua mchicha. Aliniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye tranka la mtoto, nami nikamjibu kwamba nilikuwa natafuta naftalini.