TAHADHARI WANA-MTWARA NA LINDI: "Injinia wa ramani" ni tapeli, msimpe hata mia

Jamani, kabla hamjaanza kunicheka, someni mpaka chini, halafu mkamcheke yeye akiwa na pingu. Kuna mtu anazunguka mjini hapa, na sasa nasikia keshavuka kwenda Lindi. Anajiita Injinia, ana laptopu na tableti, na anauzia watu viwanja anavyoviita "vilivyosahaulika kwenye ramani za zamani". Hakuna kiwanja. Kuna ramani tu na mdomo wake. Mimi kanila milioni mbili na laki nne, hela ya mama, ya korosho zake za Newala, iliyokuwa ya kujengea; wengi wenu mnazijua habari hizo, sizirudii hapa. Jueni tu kwamba mama mpaka leo anaamini msingi umeshachimbwa.

Na nyie wa "tamaa imekuponza", niwajibu mapema ili msijichoshe. Sikufuata cha bure. Tangu zile shamrashamra za gesi za 2012 na 2013, watu wa Dar walipokuwa wanamiminika huku kutafuta maeneo, nani Mtwara hii hajaona ndugu yake kauziwa shamba ambalo lilishauzwa kwa mwingine? Mnaandikishana kwa mwenyekiti, mashahidi wanasaini, soda zinanywewa, mwaka unaofuata anatokea mtu na karatasi kama yako yenye tarehe ya nyuma. Kila redio inatuimbia nunueni kiwanja kilichopimwa, kilichopimwa, kilichopimwa. Haya, nikatafuta kilichopimwa! Nilifanya vile vile tunavyofundishwa, na hapo ndipo huyu mwanaharamu alipokuwa amekaa ananisubiri.

Na wala hakuja kwangu kama dalali. Dada mmoja wa kazini, mtu mzima na akili zake, alimlipa 30,000 akamtolea ramani ya mtaa wa marehemu baba yake, rangi safi, karatasi kubwa. Ile ramani ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana nasema huyu mtu ni hatari, maana hakuanza na uongo.

Sasa sikilizeni alivyokuja nyumbani. Ilikuwa jioni, tumekaa barazani, baba mkubwa yuko kwenye kiti chake. Akavua viatu hata hajaambiwa. "Shikamoo mzee", kwa mikono miwili. Soda akakataa, akaomba maji. Akafungua laptopu, akasema anaingia kwenye hifadhi ya ramani ya mtandaoni, kule zilikowekwa ramani za upimaji za tangu Mwingereza, na kwamba yeye ana ruhusa maalumu. Akaandika neno la siri huku kaugeuza uso pembeni kwa heshima, kama vile sisi ndio tunaomlinda asiibiwe.

Ikafunguka ramani, jamani. Karatasi imeshageuka njano, mikunjo inaonekana, mistari ya miinuko ya kahawia, majina ya vijiji kwa tahajia za kizungu. Akavuta karibu. Ghuba ile pale. Bandari ile pale. Akavuta tena, ukatokea mstari mweusi wenye vijistari vya kukatiza, unatoka bandarini unaelekea bara. Baba mkubwa akainuka kwenye kiti, mzee ambaye siku hizi hainuki hata kwa wageni wa posa. "Reli hiyo! Reli ya karanga!" Akaanza kutuhadithia ule mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea, jinsi reli ilivyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 yeye akiwa mtoto. Yule mtu akawa anaitikia kwa adabu, "Naam mzee, ndiyo hiyo hiyo mzee." Baba mkubwa akanigeukia: "Mwanangu, huyu kijana anajua kazi."

Sasa niambieni, wewe ungemtilia shaka saa ngapi? Mzee wako mwenyewe kaiona reli ya utotoni mwake kwenye kioo cha laptopu ya mtu!

Baada ya hapo akafungua ukurasa wa pili. Huu ndio wenye sumu. Una sehemu ya kuandika kitalu na namba ya kiwanja, akaandika, kikaduara kikazunguka weee, halafu juu ya ile ile ramani ya njano kikatokea kiboksi chekundu, na pembeni maandishi ya kijani: HALI: WAZI. MMILIKI: HAKUNA. Akatueleza kwamba kiwanja kilipimwa zamani, aliyegawiwa hakulipia, ofisi imekisahau, na anayekiwahi "anakifufua" kwa kulipia gharama za ramani na barua ya toleo, ile ya serikali ya kukugawia kiwanja. Skwea mita 900, ukishapita Mangamba. Milioni tatu na nusu, naweza kuanza na milioni mbili na laki nne.

Tukaenda kukiona. Akawa anatembea na tableti mkononi, kushoto, kulia, anasimama, anasogea, kisha akafagia majani kwa mguu. Bikoni hiyo hapo! Zege dogo la kuonyesha mpaka, nondo katikati, herufi na namba zimechorwa juu. Nikaigusa kwa mkono wangu. Mimi nilitoa simu yangu nikaangalia tulipo, maana si kwamba nilifumba macho, nikamuuliza mbona simu yangu inatuonyesha mbali na kile kiboksi. Hakubabaika hata kope. "Dada, ramani zetu za zamani ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, simu yako inatumia mfumo wa kisasa, vinapishana kama mita mia tatu." Kamuulizeni mpima yeyote atawaambia hilo ni kweli. Mifumo hiyo ya kupima mahali inapishana hivyo hivyo. Kanidanganya kwa jambo la kweli, na ndilo linaloniuma kuliko hela.

Nikalipa pale pale, nimeegemea bajaji. Lipa namba. Jina likatokea la duka la vifaa vya simu. Nikamuuliza, akasema ni akaunti ya kampuni yao ya upimaji. Nikabonyeza. Akanipa risiti yenye ngao ya taifa na muhuri wa bluu, akanipa na "ramani ya hati" yenye jedwali la namba za pembe nne za kiwanja. Akaniambia "Hongera sana, mwenye kiwanja." Hongera! Nikikumbuka nilivyomshukuru naona joto mpaka masikioni.

Ilijulikana nilipomtafuta mpima wa kweli aje anirudishie bikoni mbili zilizokuwa hazionekani. Binti mdogo tu, kasimika mashine yake kwenye miguu mitatu, kaichukua karatasi yangu, kaisoma, kanyamaza. Halafu: "Dada, hizi namba amekupa nani? Kwa hizi inabidi tupande basi twende Dar."

Akanieleza palepale kwenye vumbi, na mimi nawaeleza nyie. Kwenye jedwali kuna namba za kwenda mashariki na namba za kwenda kaskazini, zote kwa mita. Huku kwetu kusini mwa ikweta, ikweta yenyewe wameipa mita 10,000,000 kwenye namba za kaskazini, na kadiri unavyoshuka kusini ndivyo namba inavyopungua. Dar es Salaam inaangukia kwenye milioni 9 na laki 2 na kitu, inaanza na 92. Mtwara mjini inaanza na 88. Karatasi yangu ilikuwa na 92 pembe zote nne. Yaani mwizi alichukua jedwali la kiwanja cha mtu wa Dar akalibandika kwenye karatasi yangu, hata kubadilisha namba kaona uvivu! Hapo hupishani mita mia tatu, unapishana karibu kilomita mia nne.

Bikoni nayo nikaishika kichwa nikaitikisa, ikatoka nzima kama jino bovu. Chini udongo laini, zege halijashika hata mizizi ya nyasi.

Tukiwa tumesimama hivyo akatokea mzee mmoja kutoka kwenye mikorosho, mwenye eneo lake la urithi. Nikamwamkia, nikaanza kujieleza huku nababaika. Akanikatisha kwa upole: "Mama, na wewe umeuziwa na yule wa kompyuta?" Mzee wa watu keshatuzoea. Kuna wenzangu walishafika hapo na karatasi zenye kiboksi chekundu kile kile!

Kuhusu ile ramani ya njano, yule binti aliiangalia kwenye picha niliyopiga siku ile, akacheka bila kukusudia, akaniomba radhi. Ile ni ramani ya kawaida ya nchi, zile zilizochorwa na idara ya Waingereza ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa 1946. Nakala zake zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni na maktaba za vyuo huko nje, mtu anaangalia bure, hakuna ruhusa maalumu wala neno la siri. Kipimo chake ni 1:50,000, kimeandikwa chini kabisa mwa karatasi, ile sehemu ambayo yule mtu hakuishusha hata mara moja. Sentimita moja ni nusu kilomita. Kiwanja cha mita 30 kwa 30 juu ya karatasi hiyo ni milimita 0.6, ncha ya kalamu. Kile kiboksi chake cha upana wa kucha kilifunika mashamba ya watu, njia na pengine nusu ya kijiji. Ule ukurasa wa HALI: WAZI kautengeneza mwenyewe, ukiandika kitalu chochote na namba yoyote uitakayo unajibu WAZI. Nimejaribu. Nimeandika kitalu cha matusi, ukajibu WAZI, MMILIKI: HAKUNA.

Sasa huyu mtu mnataka afanywe nini? Kuna vijana wa mtaani wanasema tumtafute wenyewe. Hapana, msiniletee kesi juu ya kesi. Mimi nataka pingu, nataka mahakama, nataka gereza la Lilungu. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, miaka hadi saba, na bado ngao ya taifa aliyoichezea, muhuri aliouchonga na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Vyote apandishiwe, asisamehewe hata kimoja. Na laptopu ile ipigwe mnada. Shangazi wa Mikindani keshasema yeye hasubiri hakimu, Halbadiri inasomwa Ijumaa, na sijamkataza. Mtu anayevua viatu barazani kwako, anamshika mzee mikono miwili, halafu anakula jasho la mama mkulima wa korosho, huyo hata dua mbaya anaidai.

Eti dalili zilikuwa zipi, mnaniuliza inbox. Hasira haziniruhusu kupanga vizuri, ila mshike haya. Ramani ya upimaji haina jina la mwenye kiwanja. Ina namba za viwanja, ukubwa, bikoni na hizo namba za mita, basi. Mwenye kiwanja anajulikana kwenye jalada la ofisi ya ardhi na kwenye daftari la Msajili wa Hati, unaomba upekuzi rasmi, unapewa majibu kwa maandishi. Kwa hiyo ukionyeshwa "ramani" inayosema nani mmiliki na nani siye, funga mlango. Malipo ya serikali yana kontroli namba, tarakimu 12, inaanza na 99. Lipa namba ya duka la kava za simu si serikali, hata mtu aape. Barua ya toleo haiuzwi barazani. Namba ya usajili ya ramani ya upimaji muulizeni mapema, mkaiulize ofisini nyie wenyewe, asiwasindikize yeye. Mwambieni ashushe ramani mpaka chini muone kipimo. Na "wahi kabla hakijachukuliwa"... hiyo aliniambia kila tulipoongea, na mnaijua wenyewe.

Jina lake halisi silitaji, mpelelezi kaniomba nisivuruge. RB, namba ya taarifa ya polisi, ninayo. Kuna mtu alinipigia kwa namba ngeni, anasema nifute hili tangazo "tuyamalize kiutu uzima", hela itarudi kidogo kidogo. Kama ipo iletwe kaunta ya polisi, yote, mbele ya mpelelezi. Tangazo halifutwi.

Ambaye ana karatasi ya huyu mtu, iwe Mtwara, Mikindani au Lindi, itoe kabatini leo hii uangalie zile namba za kaskazini kwenye jedwali. Hata kama zinaanza na 88 usishangilie, nenda ofisi ya ardhi. Na kama zinaanza na 92, njoo inbox na risiti yako. Jalada limeshafunguliwa, tunaongeza majina.