Spika za Zamani na Amplifaya Yake: Ipi Iende na Ipi, Kuanzia Namba Moja

Wakuu, swali ninaloulizwa sana ni "hii amplifaya ina wati ngapi", na mi huwa nauliza nawe una spika gani? Maana wati peke yake hazikwambii kitu, spika ndo inaamua. Tafuta ile namba ya dB ya spika yako, ndo sauti inayotoa ukiipa wati 1 na wewe umekaa mita 1. Klipsch Heresy iko kama 96, ile ndogo ya BBC inaitwa LS3/5A iko kama 83. Utaona tofauti ya 13 ni kidogo, ila kila ukitaka kupanda dB 3 nguvu inabidi iwe mara mbili, kwahiyo piga hesabu: Heresy kwa wati 5 inalia sawasawa na LS3/5A kwa wati 100, na hako kadogo hakawezi kusukumwa hivyo kakabaki salama.

Sasa mpangilio wangu, na wewe una ruhusa ya kubisha.

Namba moja naweka NAD 3020 na spika ndogo za Kiingereza kama Wharfedale Diamond za mwanzo wa miaka ya 80. NAD ilitoka 1978, kwenye karatasi ni wati 20 tu kila upande, lakini ngoma ikipigwa ghafla inatoa zaidi ya hapo, na spika ngumu kusukuma haiitishi. Kwa sebule ya kawaida inatosha kabisa. Yangu niliipata bei ya kutupa, muuzaji kasema imekufa, taa zinawaka sauti hakuna. Nikaigeuza nyuma nikakuta vile vichuma viwili vilivyopinda kama U, vinavyounganisha soketi za Pre Out na Main In (sauti inatoka sehemu ya mwanzo ya amplifaya, inaingia sehemu ya nguvu), havipo, mtu kachomoa kapoteza. Nikaomba waya fupi wa RCA hapohapo nikaunganisha, ikalia, na jamaa akaanza kutaka kupandisha bei aisee. Kwahiyo ukikuta 3020 "mbovu" angalia nyuma kwanza.

Namba mbili ni zile risiva (amplifaya na redio ndani ya boksi moja) kubwa za miaka ya 70, mbele aluminiamu na taa ya bluu, mfano Marantz 2230 ya wati 30 au 2270 ya wati 70. Hizi zipe Dynaco A-25, au JBL L100 kama mfuko unaruhusu. Kwanini hizo? Kwa sababu ya ukingo wa wufa, ile spika kubwa ya bezi. Spika nyingi za enzi hizo ukingo wake ni sponji, na sponji inaoza hata kama spika ilikuwa imefunikwa kabatini, kwa sisi wa pwani na hili joto na unyevu ndo usiseme. A-25 ukingo wake ni mpira, L100 ni kitambaa, kinachooza pale ni ile sponji ya urembo ya mbele tu. Advent nazo nzuri sana ila ni sponji, kwahiyo kwenye bei toa kabisa hela ya fundi kuweka ukingo mpya.

Tahadhari kwenye hili kundi: mashine ya Marekani ni volti 120, ya Japani 100, sisi ukutani ni 230. Zingine zina swichi ya kuchagua volti nyuma, zingine hazina, hapo unahitaji transfoma ya kushusha na iwe kubwa kuliko umeme inaokula mashine. Mi nilichomeka moja bila kusoma kibao cha nyuma, nikasikia tu "pwaa" na harufu ya kapasita ikakaa chumbani siku mbili. Kosa langu kabisa.

Namba tatu ni amplifaya za valvu, zile zenye vichupa vya kioo vinavyowaka badala ya transista, mfano Leak Stereo 20, kama wati 10 hivi kila upande. Hii ndo ndoa yake na Heresy, taarab jioni utasema mwimbaji kakaa mkekani kwako. Ila inapika chumba, valvu zake si za kukuta duka la jirani, na usiiwashe kamwe bila spika kuchomekwa, utaua transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ndo roho yake.

Namba nne LS3/5A na amplifaya ya Quad 303, ya mwaka 1967, wati 45. Sauti ya mtu inatoka kama ilivyo, maana BBC walizitengeneza za kusikilizia matangazo kwenye magari yao. Lakini bei yake siku hizi ni ya wakusanyaji, na bezi ya kutikisa dirisha usitegemee.

Mwisho kabisa, AR-3a na kiamplifaya kidogo. Spika yenyewe tamu, ila ni ohm 4 (ohm ni ukinzani wa spika, ukiwa mdogo amplifaya inafanya kazi zaidi) na inakula umeme balaa, ukiizidishia sauti kiamplifaya kinaishiwa nguvu, kinaanza kukata vilele vya mawimbi ya sauti, na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ndo zinaungua kwanza. Na usithubutu kuchomeka jozi mbili za ohm 4 kwenye matundu ya spika A na B kwa pamoja, amplifaya inaona ohm 2.

Ukienda kununua beba mita ya kupima umeme na betri ya volti 1.5. Spika ya ohm 8 kwenye mita inasoma kama 6, ikikaa kimya koili imekatika. Gusisha betri mara moja, koni iruke bila kukwaruza. Ukingo ubonyeze kwa kidole, ukikatika kama biskuti unajua. Na muuzaji akisema upande mmoja uko chini kidogo "ni waya tu", mwambie abadilishane nyaya za spika kushoto kulia nyuma ya amplifaya mbele yako: sauti ya chini ikihamia spika ya pili, ugonjwa uko kwenye amplifaya au kinachoilisha muziki, ikibaki kwenye spika ileile, ni spika au waya wake.