Hadithi za marmota wadogo: uzoefu wangu na kitabu kisichomkemea mtoto mwoga

Vitabu vya watoto kuhusu kujiamini vimenichosha kwa sababu moja. Mhusika huanza akiwa mwoga, na ukifika ukurasa wa mwisho haogopi tena kitu chochote. Mtoto mwoga akisomewa hivyo huondoka na fundisho moja tu, kwamba wenzake wameshaweza, yeye bado. Ndiyo maana nataka kukisifu kitabu hiki cha hadithi za marmota wadogo, ambacho hakijawahi kurudi kabatini tangu mwanangu aanze shule.

Marmota wa hadithi hizi ni yule wa Amerika Kaskazini, anayeishi mashariki mwa Marekani na sehemu kubwa ya Kanada, hata Alaska. Ni wa jamii ya kindi, ila mnene, ana miguu mifupi na kucha za kuchimbia. Mwanangu hakuwahi kumsikia mnyama huyu, na naona hilo lilisaidia. Simba anajulikana kuwa jasiri na fisi mlafi kabla hata hujafungua kitabu. Marmota alikuja bila sifa yoyote.

Hadithi iliyotunasa ni ya marmota wa kike anayeogopa kutoka shimoni. Ndugu zake wanakwenda kula majani, yeye anabaki mlangoni, kasimama kwa miguu ya nyuma, anaangaza macho huku na huku. Wanamtania. Siku moja mwewe anatokea, yeye ndiye anayemwona wa kwanza, anapiga mluzi mkali na wote wanakimbilia ndani. Mpaka hapo ni hadithi kama nyingine. Uzuri wake uko kwenye kinachofuata: kesho yake bado anaogopa. Anasimama palepale mlangoni, kisha anasogea hatua chache mbele kuliko jana, na safari hii ndugu zake wanakula kwa utulivu kwa sababu wanajua yupo anayeangalia.

Mwandishi hakutunga tabia hiyo. Marmota husimama wima hivyo kweli, hupiga mluzi anapoona hatari, na shimo lake huwa na zaidi ya mlango mmoja ili pa kukimbilia pasikosekane. Maisha yake yote yanategemea kuogopa kwa wakati unaofaa. Wahenga wetu walishasema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, lakini sijui ni lini mara ya mwisho nilikutana na kitabu cha watoto kilichothubutu kusimama upande wa mwoga.

Tulipomaliza, mwanangu aliniuliza, "Mama, kwa hiyo yeye anaogopa ili wenzake wale?" Nikamwambia ndiyo, hiyo ni sehemu ya kazi yake. Alinyamaza kidogo, akaomba nirudie.

Siwezi kusema kitabu kimembadilisha mtoto. Bado ni mpole na bado hapendi kelele. Lakini zamani mgeni akipiga hodi alikuwa anakimbilia chumbani, na sasa husimama kwenye mlango wa chumba na kuniambia, "Naangalia kwanza." Akishaangalia, mara nyingi huja kusalimia. Maneno hayo aliyapata kwenye hadithi hii, mimi sikumfundisha. Na nimeacha kumsukuma, jambo ambalo pengine ndilo faida kubwa zaidi niliyoipata.

Upande wa urafiki, nilifungua kitabu na wasiwasi. Marmota akishakua huishi peke yake. Mama huzaa majira ya kuchipua, kwa kawaida watoto kati ya 2 na 6, wakiwa hawana manyoya wala hawaoni, na baada ya miezi michache tu kila mmoja anaondoka kwenda kutafuta au kuchimba shimo lake. Nilidhani mwandishi atalikwepa hilo na kuwaweka wote nyumba moja wakicheza hadi mwisho. Hakulikwepa. Iko hadithi ya ndugu wawili wanaotengana, na kila mmoja anatumia usiku wake wa kwanza katika shimo geni, lenye harufu ya udongo mpya. Asubuhi wanakutana malishoni, wanakula bega kwa bega, kisha kila mtu anarudi kwake. Mwanangu alikasirika. Alitaka kujua kwa nini wasihamie pamoja. Tulizungumza muda mrefu usiku ule, juu ya rafiki yake wa zamani aliyehama, na kama mtu anaweza kubaki rafiki yako wakati humwoni kila siku. Kwangu hiyo ndiyo hadithi bora ya kitabu kizima, ingawa mwanangu angebisha.

Iko pia ile ya sungura anayepata makao katika shimo lililoachwa na marmota. Hili nalo hutokea porini, mashimo yao ya zamani hutumiwa na sungura, mbweha na wanyama wengine. Mwanangu, aliyelelewa na Sungura wetu mjanja, alikuwa anasubiri tu dakika ya ulaghai. Haikuja. Sungura anashukuru, basi, na marmota anapata jirani. Kwake lilikuwa jambo la ajabu kweli.

Sasa kasoro, nazo zipo. Hadithi moja inamwonyesha marmota akirundika matunda shimoni kwa ajili ya majira ya baridi. Si kweli. Marmota haweki akiba ya chakula, hula hadi anenepe, akaishi kwa mafuta ya mwili wake katika miezi ya kulala. Moyo unaopiga mara 80 hivi kwa dakika hushuka hadi mara 5 hivi, na joto la mwili linaweza kufika nyuzi 3 za Selsiasi. Mwandishi alikuwa na maajabu hayo mkononi akachagua rundo la matunda! Nilimweleza mwanangu ukweli, na tangu hapo ukurasa ule husomwa kwa masahihisho.

Iliyoniudhi zaidi ni ya sherehe ya tarehe 2 Februari. Huko Punxsutawney, jimbo la Pennsylvania, tangu 1887 watu hukusanyika kumtazama marmota: akiona kivuli chake, husemwa kwamba baridi itaendelea wiki 6 zaidi. Desturi yenyewe ni tamu kusimulia. Lakini katika hadithi, marmota mdogo anayetetemeka anasukumwa mbele ya umati, watu wanapiga makofi, na ghafla hofu imeyeyuka. Kitabu kilichokuwa na subira na mtoto mwoga kikaikosa subira hiyohiyo hapo. Sisi huiruka.

Picha ni nzuri, za rangi tulivu, isipokuwa mwewe amechorwa mkubwa kupita kiasi na mtoto mdogo sana anaweza kushtuka. Hadithi ni fupi, moja inatosha kabla ya kulala. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, nami humsimulia kwa Kiswahili bila shida kwa kuwa sentensi ni nyepesi. Ningekipendekeza kwa watoto wa miaka 4 hadi 8.

Ukikinunua, anza na ya mluzi hata kama haiko mwanzoni, kisha mwache mtoto achague inayofuata. Ile ya ndugu kutengana iache kwa usiku ambao huna haraka ya kuzima taa, maana maswali yatakuwa mengi. Nimeshamnunulia mpwa wangu nakala yake. Familia yao inahama mwezi ujao, na nimemwambia mama yake aanze na hiyo.